Nilirudi Nyumbani kwa Viza

“Umekuja kutembea, dada?” aliniuliza kijana wa Uhamiaji pale uwanja wa ndege, pasipoti yangu ya Uingereza ikiwa mkononi mwake.

“Hapana, kaka. Nimerudi nyumbani.”

Akasoma mahali pa kuzaliwa: Shinyanga. Akanitazama, akatabasamu, akapokea dola zangu 50 za viza, akagonga mhuri wa miezi 3. “Basi karibu nyumbani,” akasema. “Ila usizidishe siku.”

Ilikuwa Juni 2014. Nilikuwa na miaka 26, shahada ya mawasiliano, masanduku mawili na imani ya ajabu kwamba nyumbani ni mahali ambapo ukifika tu unafunguliwa mlango, basi. Najua wengi mnaosoma kurasa hizi mna kaka, dada au mchumba aliyeko Ulaya au Marekani ambaye kila Desemba anakuja, anakula mishikaki, anasema “mwakani narudi jumla”, halafu anaonekana tena baada ya miaka mitatu. Mimi ni mmoja wa waliorudi jumla. Na sikurudi Mikocheni wala Mbezi Beach, ambako walau ningepata wenzangu wa kulalamika nao. Nilirudi Shinyanga, nikaishia Geita.

Nianze na jina langu, maana bila hilo hamtanielewa. Kaka zangu ni mapacha, Kulwa na Doto. Mimi niliwafuata, kwa hiyo ni Shija. Kwa Wasukuma hilo si jina la kukaa na kuchagua. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, awe wa kike au wa kiume, na hapo hakuna mjadala. Baba alikwenda Uingereza kusoma, sisi tukamfuata mwaka 1995 nikiwa na miaka 7, tukakaa Reading, mji ulio kama nusu saa kwa treni kutoka London. Shuleni mwalimu aliniuliza jina langu maana yake nini. Nikamwambia halina maana, ni jina tu. Nikakua nalo hivyo, jina lisilo na maana, ambalo kila mtu analiandika anavyojua.

Siku niliyoshuka kwenye basi stendi ya Shinyanga, bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga alinisaidia kushika sanduku. Akaniuliza naitwa nani. Nikamwambia. Akauliza hapo hapo, kama mtu anayeuliza habari za mvua: “Kulwa na Doto wako wapi?”

Nililia pale stendi, jamani. Miaka 19 Uingereza hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusikia jina langu akajua nina kaka.

Sasa, Shinyanga yenyewe. Usiende ukitarajia milima kama ya Moshi wala bahari kama ya Tanga. Ni mbuga tambarare, mpaka macho yanachoka kutafuta kitu cha kukishika, halafu ghafla unakuta mawe makubwa yamepandana, moja juu ya jingine, utadhani kuna mtu aliyapanga kisha akasahau kurudi. Kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye mswaki. Masika udongo mweusi unanasa viatu. Mjini, wakati ule nafika, usafiri wa heshima ulikuwa baiskeli: unakaa nyuma, unashika kiti cha dereva, unapelekwa Ngokolo au Ibinzamata taratibu huku mnapiga soga. Pikipiki zimeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa, na mimi bado nazililia baiskeli zile. Kwenye baiskeli unasalimiwa njia nzima.

Na salamu za kule si mchezo. “Mwangaluka” ya asubuhi, “mwadila” ya mchana, na mwanamke anapiga goti. Mimi na suruali yangu ya jinzi na digrii yangu, siku ya kwanza nilimnyooshea shangazi yangu mkono. Akauangalia ule mkono, akauangalia tena. Siku ya pili nikapiga goti. Watu watasema ni mfumo dume, na wana hoja. Lakini niwaambie ukweli: shangazi naye alipiga goti kunijibu, mzee wa miaka zaidi ya 70, na tukabaki hapo chini wote wawili tunaulizana habari moja baada ya nyingine, mhola, mhola duhu, mpaka magoti yakauma. Reading nilikaa nyumba moja kwa miaka minane na jirani ambaye sikuwahi kujua jina lake.

Shangazi ndiye aliyebaki kwenye mji wa babu, kijijini, upande wa Mwadui. Baba alifariki Uingereza mwaka 2011, tukamleta kumzika kule. Babu alikuwa ametangulia zamani. Kilichobaki ni nyumba ya bati, majaruba ya mpunga, na ngitili.

Ngitili nisiipite haraka, kwa sababu ndiyo ilinifanya niipende ardhi ile kabla haijaniletea matatizo. Ni kipande cha malisho ambacho familia inakifunga mvua zikinyesha, ng’ombe wasiingie, ili nyasi na miti iote, kiangazi kikishika ndipo kifunguliwe. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma iliyokuwa inakufa. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa miaka mingi, kuwafukuza mbung’o na kupata mashamba ya pamba, hadi watu wakaanza kuuita mkoa jangwa. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, na ngitili zikafufuliwa kijiji hadi kijiji. Mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Shangazi hajui habari za tuzo. Anachojua ni kwamba alipokuwa msichana walitembea nusu siku kutafuta kuni, na sasa miti anaiona akiwa mlangoni.

Babu alifanya kazi Mwadui. Hapo napo pana hadithi. Mwaka 1940 Mkanada mmoja, mtaalamu wa miamba, John Williamson, aligundua almasi pale, na mgodi wake ukawa na sifa dunia nzima. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya ua la almasi, bruchi ya kubandika kifuani. Kiangazi cha mwaka 2012, Uingereza wakisherehekea miaka 60 ya malkia huyo, almasi zake zilionyeshwa Buckingham Palace. Nilikata tiketi. Nikasimama mbele ya kioo, nimebanwa na watalii, namwangalia mtu wa kwetu. Nikajiambia: huyu alihamia Uingereza kabla yetu, na hakuna aliyemwomba pasipoti.

Shangazi aliposikia nimeliona lile jiwe alicheka hadi kanga ikamdondoka. Kisha akanisimulia jinsi Mwadui ilivyokuwa imezungushiwa uzio, mji mzima, nyumba, shule, hospitali, hata uwanja wa ndege, na babu kila siku alionyesha pasi getini ndipo aingie. Akitoka anapekuliwa. Kuna mibuyu ndani ya uzio ule ambayo babu alichungia ng’ombe chini yake akiwa mtoto. “Baba yangu aliingia kwao kwa karatasi,” alisema shangazi. Wakati huo mimi nilikuwa nimebakiwa na siku 31 kwenye mhuri wangu, na nilikuwa nazihesabu.

Kazi niliipata Geita, kwenye kampuni moja inayotoa huduma migodini. Walihitaji mtu wa mawasiliano anayeandika Kiingereza na Kiswahili. Wakaniombea kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, daraja B, lile lile wanalopewa wataalamu kutoka Australia na Afrika Kusini. Kwenye orodha ya wafanyakazi nikawa kwenye ukurasa wa wageni, kati ya Mghana na Mwaustralia. Mpishi wa kantini alikuwa ananiwekea viazi vya kukaanga nisivyoviomba, huku nautazama ugali wa wenzangu kwa uchungu.

Geita ni dunia nyingine. Shinyanga ni tambarare na polepole, Geita ni vilima, kijani, na haraka. Dhahabu imechimbwa pale tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mji ukalala, halafu mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa sasa, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Unaiona haraka hiyo mitaani: ghorofa linajengwa kabla barabara ya kufikia pale haijachongwa, gesti kila kona, kodi ya nyumba inadaiwa ya mwaka mzima. Kwa wachimbaji wadogo, kule Nyarugusu na Rwamgasa, ni maduara, karasha zinazosaga mawe kutwa nzima, na kina mama wanaopika wali kwa watu ambao leo wana milioni na kesho wanakopa sahani. Tangu mwaka 2019 kuna soko rasmi la dhahabu pale mjini, muuzaji anapimiwa mbele ya macho yake. Zamani mchimbaji alimfuata mnunuzi gizani, na bei anaisikia huko huko.

Kuhusu mapenzi kwenye miji ya migodi, mada ambayo gazeti hili halitanisamehe nikiiruka: ni magumu. Mume yuko shifti ya usiku, mke yuko Mwanza na watoto, simu inaita haipokelewi, na neno “shifti” linabeba mizigo mingi kuliko lori la mgodini. Nimeona ndoa za maharusi wazuri zikifa kwa ajili ya ratiba tu. Nimeona pia mwanamume anayetoka kazini saa 12 asubuhi, anaoga, anamsindikiza mtoto shule, ndipo anakwenda kulala. Huyo wa pili nilibahatika kumpata mimi.

Tulikutana kwenye foleni ya pantoni. Aliyepita Kigongo na Busisi kabla ya mwaka 2025 ananielewa. Ukitoka Mwanza kwenda Geita, barabara inafika kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria inakatika, unasubiri kivuko. Siku nzuri unavuka mara moja. Siku mbaya unakaa saa mbili. Siku ile ilikuwa mbaya. Gari letu la kazini lilikuwa nyuma ya malori, na kijana mmoja, fundi umeme wa mitambo, mzaliwa wa Sengerema, alininunulia sato wa kukaanga na kuniuliza kwa nini naongea Kiswahili kama mtangazaji wa redio wa zamani. Nikamwambia nilijifunzia mezani kwa baba, na baba aliondoka nchini na Kiswahili cha mwaka 1995. Akasema, “Basi nitakuletea cha mwaka huu.” Jamani, maneno kama hayo kwenye jua lile, na samaki mkononi! Tulipanda pantoni tukiwa tumeshapeana namba.

Posa ilipelekwa kwa shangazi mwaka 2017. Mshenga alikuja na maneno matamu, shangazi akawa na maneno machache: ng’ombe 15, na swali moja kwa bwana harusi, kama anajua kwamba mke wake hawezi kukamua maziwa wala kutofautisha mpunga na nyasi. Akajibu kwamba anajua. Wakacheka, wakakubaliana. Tukafunga ndoa mwaka 2018, bugobogobo ikachezwa na majembe yakarushwa hewani, kaka zangu Kulwa na Doto wakaja kutoka Reading na kuungua na jua. Mama naye alikuja, kwa viza, akapiga goti vizuri kuliko sisi sote.

Wiki moja baada ya harusi ndipo shangazi akaitisha kikao cha ukoo. Alitaka kugawa ardhi ya babu angali hai. Fungu la baba liende kwa watoto wake, na kwa kuwa Kulwa na Doto walisema wazi hawarudi, alitaka majaruba mawili na ngitili viandikwe jina langu. Mtoto wa kike kupewa ardhi ya ukoo pale palikuwa na miguno, lakini shangazi aliiweka miguno ile kwenye kona yake. Kisha binamu yangu mmoja, ambaye ndiye anayelima majaruba yale, akasimama. Aliongea kwa adabu kabisa. Alisema yeye hana ubaya na dada, ila kisheria dada ni mgeni, na mgeni hawezi kumiliki ardhi ya kijiji. Kama tunabisha, twende kwa mtendaji.

Hatukubisha, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilipata uraia wa Uingereza nikiwa na miaka 13, pamoja na wazazi. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Nilipopita miaka 18 bila kuukana ule wa Uingereza, wa Tanzania ukaondoka wenyewe, kimya kimya, bila barua wala simu. Wakati huo nilikuwa nahangaika na mitihani na sikujua kama kuna kitu kimetoka mfukoni. Na sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo ningeweza kurudi kwenye majaruba ya babu kama mwekezaji mwenye mtaji, si kama mjukuu.

Nina rafiki niliyesoma naye chuo, Mfilipino, mama yake nesi kama walivyo Wafilipino wengi kwenye hospitali za Uingereza. Naye alirudi kwao, Cebu, mji ambao alikuwa ameukanyaga mara mbili tu maishani. Ananiandikia vituko vile vile: anachekwa lafudhi, anaulizwa ataolewa lini, anapewa chakula cha kumtosha mtu mzima na nusu. Tofauti ni moja. Ufilipino walipitisha sheria mwaka 2003, raia wao wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa nje anakula kiapo na kubaki na nchi zote mbili. Uganda walifungua mlango huo mwaka 2009, Kenya kwa katiba ya mwaka 2010. Sisi tumeujadili hadi sauti zimekauka. Wanaopinga wanasema moyo haugawanyiki, na ardhi ikifunguliwa wenye fedha za nje watainunua yote. Hoja ya pili siwezi kuicheka, nikiwa nakaa Geita.

Ningeweza kuacha. Mume wangu alisema tuache, tutanunua kiwanja Geita kwa jina lake, majaruba yabaki kwa binamu, maisha yaendelee. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni miwani.

Mwaka 2015 nilikwenda Reading likizo nikamuuliza shangazi kwa simu nimletee zawadi gani. Akasema miwani ya jua, nyeusi, kubwa. Nikacheka, nikamletea ya kisasa kabisa, tukapiga picha. Akawa anaivaa kila siku, hata jioni, hata mvua ikinyesha. Nikadhani ni mbwembwe za uzee. Siku ile baada ya kikao, wakati watu wanaondoka, nilisikia mtu akisema nyuma ya nyumba, si kwa sauti ya kujificha sana: “Na macho ya huyu bibi mnayaona lakini.”

Macho ya shangazi ni mekundu. Amepika miaka 60 kwenye jiko la mafiga, kwa mabua ya pamba na samadi kavu nyakati ambazo kuni hazikuwepo. Na kwetu, msomaji wangu, kwa miaka mingi bibi kizee mwenye macho mekundu amekuwa akiitwa mchawi, na wengi wameuawa kwa mapanga usiku kwa neno hilo. Nilikuwa nimezisoma habari hizo Ulaya, pamoja na zile za mauaji ya watu wenye ualbino ya miaka ya 2007 hadi 2009, na wenzangu chuoni waliniuliza kama kweli nataka kurudi huko. Nilichokuwa sikijui ni jinsi uchawi unavyokaa jirani na shamba. Mara nyingi anayeitwa mchawi ni mjane au mzee aliyekalia ardhi ambayo mtu mwingine anaisubiri. Simshutumu binamu yangu. Sikumsikia akisema lolote, na hadi leo tunasalimiana vizuri. Lakini usiku ule nililala chumba kimoja na shangazi, nikamwona anavua ile miwani gizani na kuiweka chini ya mto.

“Umejua tangu lini?” nikamuuliza.

“Tangu mama yako mzaa baba,” akasema. “Yeye hakuwa na miwani.”

Sikuuliza zaidi. Mpaka leo sijauliza.

Tuliporudi Geita nilimwambia mume wangu kwamba nataka jina langu liandikwe pale, na liandikwe sasa. Shangazi akionekana hana kitu cha kurithiwa, akiwa anakaa tu kwenye ardhi iliyokwisha kuandikwa kwa mtu mwingine mwenye hati, na mume, na ndugu mjini, basi kumwondoa hakuna faida kwa yeyote. Sheria inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia. Tukajaza fomu mwaka 2019. Mume wangu aliukalia usiku kucha ule mstari wa kuukana uraia mwingine. “Hili mimi siwezi kukuomba,” alisema. “Sitaki siku tukigombana uniambie nilikupotezea pasipoti.” Wapenzi mnaosoma hapa, kama mna jambo la namna hii, liongeeni kabla ya fomu. Sisi tuliongea kwa wiki tatu, na siku nyingine tuliongea kwa kununiana.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimpigia simu Jumapili. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: “Nimebadilisha shuka za wazee wa watu miaka 20 ili nyie mpate kile kitabu. Unakirudisha kama sahani ya jirani?” Nikamweleza habari za shangazi, za macho. Mama anamjua wifi yake, na anaijua Shinyanga kuliko mimi. Alilia. Lakini hakusema sawa, na kwa muda mrefu baada ya hapo tukawa tunaongea mambo ya hali ya hewa tu, kama Waingereza.

Nilikula kiapo mwaka 2021. Nilivaa kitenge, nikasoma maneno yote kwa Kiswahili changu cha redio ya zamani, nikatoka nje nikanunua maji ya kunywa kwa sababu mdomo ulikuwa umekauka. Mwaka uliofuata nilipewa hatimiliki ya kimila, karatasi moja yenye mihuri, majaruba mawili na ngitili. Binamu bado analima. Tumeandikiana: magunia mawili kati ya kila matano ni ya shangazi. Shangazi ana jiko la gesi ambalo halipendi, anasema maharage yake hayana ladha. Anapikia gesi mimi nikiwepo.

Mapema mwaka 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria yanayoleta hadhi maalumu kwa watu wa asili ya Tanzania wenye uraia wa nchi nyingine, ikiwemo kwenye mambo ya ardhi. Nilikuwa jikoni, redio ikiwa imewashwa. Mume wangu alinitazama. Alikuwa na akili ya kutosha kutosema “ungesubiri”. Nilizima redio, nikaendelea kukata vitunguu, na machozi yakapata sababu.

Juni mwaka huo huo daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, pantoni ikabaki hadithi. Sasa tunavuka kwa dakika chache tu. Tulisimama upande wa Busisi tukamtafuta mama aliyetuuzia sato. Hatukumpata. Mume wangu ana wasiwasi kwamba vijana wa leo hawatakuwa na mahali pa kukutania.

Mwezi wa tisa mama alifanyiwa upasuaji wa goti. Kulwa na Doto walikuwa wanapokezana, lakini mama alisema wanampikia wali kama uji. Nikakaa mezani Geita nikaanza kujaza maombi ya viza ya kwenda kwenye nyumba niliyokulia. Lengo la safari: kumtembelea mama. Umewahi kuishi Uingereza? Ndiyo, miaka 19. Halafu wanataka uthibitisho kwamba una kitu cha kukurudisha nyumbani. Niliweka barua ya kazi, cheti cha ndoa, na taarifa ya benki ambayo haikunitia moyo. Mwisho nikaweka nakala ya hatimiliki ya kimila, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mfasiri alinipigia simu kuuliza ngitili ni nini kwa Kiingereza. Nikamwambia aiache hivyo hivyo.

Viza ilitoka. Mama alinifungulia mlango akiwa na fimbo, amepungua, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

“Wamekupa muda gani?”

“Miezi 6, mama.”

“Haya, karibu. Ila usizidishe siku.” Akageuka polepole kuelekea jikoni, na kabla sijaweka sanduku chini akauliza michembe iko upande gani.